Usaili wa Septemba 2018

Tarehe 27 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, niliamkia usaili wa kazi ya utunza stoo kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya samaki hapa Mwanza. Wiki moja ilikuwa imepita tangu kivuko cha MV Nyerere kizame karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, na msiba ulikuwa bado haujatutoka. Hata daladala niliyopanda kutoka Igoma haikuwa na muziki.

Bahasha yangu ya kaki ilikuwa na kila kitu: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, picha mbili ndogo, barua ya mwenyekiti wa mtaa yenye mhuri, na majina ya wadhamini wawili. Wasaili walikuwa watatu. Mama mmoja mwenye miwani alishuka na kalamu mstari kwa mstari kwenye maombi yangu, akaisimamisha kwenye pengo la mwaka 2014.

"Mwaka huu ulikuwa wapi?"

Nikamweleza nilikuwa namuuguza mama. Akataka kujua alilazwa wapi, tuliishi kwa kutegemea nini, mbona sikuandika. Viganja vilinilowa jasho, lakini nilijibu lote kwa heshima. Funguo za stoo hakabidhiwi mtu asiyejulikana. Niliona wana haki ya kuuliza, na hadi leo naona hivyo.

Jioni nikapitia kwa mjomba, Kirumba. Alikuwa karani wa mahakama miaka mingi kabla ya kustaafu, na kingamuzi chake kilikuwa kinashika stesheni za nje. Saa kumi na moja kwetu, asubuhi ya Washington, Christine Blasey Ford alikula kiapo mbele ya kamati ya Seneti, baraza la Bunge la Marekani linalowapitisha au kuwakataa majaji walioteuliwa na rais. Alisema Brett Kavanaugh, aliyeteuliwa na Rais Trump kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, alimshambulia kingono mwaka 1982 walipokuwa vijana wa sekondari. Nilipokwama kwenye Kiingereza, mjomba alinifafanulia.

Usiku ikawa zamu ya Kavanaugh. Alikana yote, mara kwa ukali, mara kwa machozi, na kalenda yake ya mwaka 1982 alikuwa ameitunza na kuiwasilisha. Seneta Amy Klobuchar akamuuliza kama amewahi kulewa hadi asikumbuke yaliyotokea. Akamrudishia swali: na wewe je? Baadaye aliomba radhi.

Nilishindwa kukaa. "Mjomba, ningemjibu hivyo yule mama wa asubuhi, si ningetolewa nje na bahasha yangu?"

"Mwanangu, mtu hahukumiwi bila ushahidi. Mambo ya miaka 36 iliyopita, nani atayathibitisha?"

"Lakini hapa hahukumiwi, Mjomba. Anaomba kazi. Akikosa, hafungwi. Anarudi kwenye kiti chake cha jaji wa rufaa."

Mjomba akanyamaza, akawa anazungusha kikombe cha chai kilichokwisha kupoa. Kisha akaniambia kwamba jaji wa Mahakama Kuu kwetu hustaafu akiwa na miaka 60, ila wale tisa wa Marekani hukaa mpaka wafe au waamue wenyewe kuondoka, na kuwaondoa ni shughuli pevu. Hapo ndipo nilipochomwa hasa. Kazi ya stoo, ambayo wangeweza kunifukuza mwezi ujao, ilinidai maelezo ya mwaka mmoja wa kumuuguza mama. Hii ya maisha ilipaswa kudai nini?

FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walipewa wiki moja kuchunguza zaidi. Ford hawakumhoji, Kavanaugh hawakumhoji. Kiwanda kilimpigia mdhamini wangu wa pili, mwalimu wangu wa zamani, mara tatu; hapatikani. Alikuwa Bwisya, kule Ukara, kuzika ndugu zake waliokuwa kwenye kivuko, na simu aliizima. Nafasi akapewa mwingine. Iliniuma, lakini sikuwalaumu: walisema watahakiki, na walihakiki.

Jumapili tarehe 7 Oktoba nilimkuta mjomba na redio sikioni.

"Kavanaugh wamempitisha jana," akasema. "Kura 50 kwa 48."

Nikamwambia na mimi nimekosa, na sababu yake. Akazima redio.

"Mwalimu amesharudi kutoka Ukara?"

"Amerudi juzi."

"Umekwenda kumpa pole?"

"Bado, Mjomba."

Akainama kutafuta viatu vyake chini ya kiti, tukatoka.