Kwa nini Tanzania?

Maoni ya mhakiki wa jarida la kitaaluma kuhusu makala yangu yamerudi, na lile swali limo tena: mwandishi aeleze kwa nini msomaji ajishughulishe na Tanzania. Kila Mwafrika anayefanya utafiti wa sera za mazingira huku Ujerumani ameshaulizwa hivyo. Anayeandika kuhusu California haulizwi. Tasnifu ya uzamivu ya Mmarekani Elinor Ostrom, ya 1965, ilihusu maji ya ardhini ya bonde moja tu eneo la Los Angeles. Mwaka 2009 akapewa Nobeli ya uchumi. Mmarekani mwenzake John Kingdon alichungulia sera za afya na usafiri za Washington, na tangu 1984 nadharia yake ya jinsi suala linavyoingia kwenye ajenda ya serikali inafundishwa kila mahali. Wao wakitazama kwao wanatoa nadharia, sisi tukitazama kwetu tumeleta "mfano".

Halafu utatakiwa uongeze nchi moja ya Ulaya ili ulinganishe. Wadogo zangu, msikubali haraka. Linganisha na jirani. Chukua mifuko ya plastiki: Rwanda iliipiga marufuku 2008. Kenya ilijaribu 2007 na 2011 kuzuia ile myembamba tu, ikashindikana. 2017 ikaja na katazo pana, kwa tangazo la waziri katika gazeti rasmi la serikali, likaanza kutumika 28 Agosti. Tanzania Bara ikafuata 1 Juni 2019, kwa kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Uganda ilitangaza katazo kwenye bajeti ya 2009, na mifuko bado imo mitaani. Bidhaa ni ileile, njia za kisheria mbalimbali, matokeo mbalimbali. Mhakiki akiona jedwali hilo, hoja ya Ulaya inamwishia mdomoni.

Na hapa tuna mtaji ambao wenzetu hawana. Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge la Tanzania, ni ya Kiswahili. Unafuatilia nani alisema nini, tarehe gani, na kifungu gani kilibadilika kati ya mswada na sheria, bila kulipa mkalimani. Anza na Hansard, ndipo uende kwenye mahojiano; afisa akikumbuka vibaya mwaka, utajua.

Uwandani ndiko wengi wanakokwama. Kuwa na pasipoti ya Tanzania hakukuondolei kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, ukiwa umetumwa na chuo cha nje, na utahitaji mshirika wa ndani. Ukigusa wanyamapori, kuna TAWIRI pia, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Kibali kikitoka, barua za utambulisho zinashuka ngazi kwa ngazi: mkoa, wilaya, kata, kijiji. Ukiruka ngazi, mtendaji wa kijiji atakurudisha juu, tena ana haki. Kama unawahitaji wakurugenzi wa wizara, epuka Aprili hadi Juni: ni Bunge la bajeti, utawaona Dodoma lakini hawana hata nusu saa.

Kamati ya maadili ya utafiti ya huku Ujerumani itataka kila mhojiwa asaini fomu. Omba mapema ridhaa ya mdomo inayorekodiwa. Mtu anayetoka kijiji chenye mgogoro wa mpaka na hifadhi hasaini karatasi ya mgeni, na mimi simlaumu.

Kuhusu ajira katika vyuo vya huku, msidanganywe na neno "mshahara". Nafasi nyingi za uzamivu katika sayansi ya jamii ni asilimia 50 au 65 ya daraja la mshahara la E13, ila kazi ni ya siku nzima. Sheria ya Ujerumani ya mikataba ya muda ya wanasayansi inakuruhusu kuajiriwa kwa mikataba hiyo miaka 6 kabla ya kupata uzamivu na 6 baada yake. Ikiisha kabla hujapata nafasi ya kudumu, unabaki kutegemea fedha za miradi. Kwa hiyo kila makala inayokwama kwa mhakiki inakula muda wa mkataba.

Ndiyo maana namjibu mhakiki hivi: aya ya kwanza ya makala nimeiondolea jina la nchi, nimeanza na fumbo, kwamba katazo lilelile linashika hapa na kuyeyuka pale. Tanzania inaingia ukurasa wa tatu, kwenye mbinu. Barua ya majibu inakwenda kwa mhariri, hoja kwa hoja, na namba za mistari iliyobadilishwa. Nchi ya Ulaya sijaongeza.