Nilivyoiandika historia ya Msimulizi, gazeti dogo la Kiungani

Mazungumzo juu ya magazeti ya Zanzibar mara nyingi huanzia mwaka 1892, pale serikali ilipoanza kuchapisha gazeti lake rasmi. Mimi nilitaka yaanzie nyuma zaidi, Oktoba 1888, wakati Msimulizi lilipotoka kwa mara ya kwanza katika chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, kusini kidogo ya mji wa Unguja. Lilikuwa gazeti la Kiswahili kwa herufi za Kirumi, likitolewa kila baada ya miezi miwili hadi mwaka 1896, na habari zake nyingi ziliandikwa na Waafrika waliosoma chuoni hapo au waliokuwa wamekwisha kupelekwa kufundisha bara. Katika shule niliyokuwa nikifundisha hapakuwa na mwanafunzi aliyepata kulisikia jina lake, na sikuridhika kuliacha hivyo.

Baadhi ya jamaa waliniuliza kwa nini Muislamu wa Mji Mkongwe ajishughulishe na gazeti la misheni. Niliwajibu kwamba vijana wale waliandika Kiswahili, waliandikia Unguja, na wengi wao waliletwa kisiwani hapa wakiwa watoto waliookolewa na manowari za Kiingereza kutoka katika majahazi ya watumwa. Habari zao ni sehemu ya habari zetu, na asiyezisoma hukosa sura moja nzima ya kisiwa hiki.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuzipata kurasa zenyewe. Nyaraka nyingi za UMCA, misheni ya Kianglikana iliyokiendesha chuo hicho, zimehifadhiwa Oxford katika maktaba ya Bodleian, na mimi sikuwa na nauli ya kwenda Uingereza. Nilimwomba kijana mmoja wa kwetu aliyekuwa akisoma huko anipigie picha za kurasa, naye alifanya hivyo kidogo kidogo, kila alipopata nafasi katika masomo yake. Kwa upande wangu nilikuwa nikienda katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani kusoma kumbukumbu za miaka ileile, ili ninapokutana na jambo gazetini nijue kisiwani palikuwa pakipita nini. Katika maisha ya gazeti hilo walitawala Seyyid Khalifa, kisha Seyyid Ali, kisha Seyyid Hamad. Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890. Na toleo la kwanza lilitoka wakati pwani ya Mrima ilikuwa vitani, Abushiri bin Salim na wenzake wakiwapinga Wajerumani. Kuanzisha gazeti linalotegemea barua za kutoka bara katika msimu kama ule lilikuwa jambo la ujasiri, na ninadhani halijatajwa inavyostahili.

Mwanzoni nilisoma kwa kufuata mpangilio wa matoleo. Njia hiyo ilinipa mambo mengi yasiyoungana: mwalimu kafika, mwalimu kaondoka, kanisa linajengwa, fulani kafariki, mvua imechelewa. Zaidi ya hayo, majina ya ubatizo yalikuwa yaleyale, na Yohana mmoja huwezi kumtenga na Yohana mwingine ikiwa hujui anaandika kutoka wapi. Ndipo nikatengeneza kadi, kila kituo na fungu lake: Kiungani, Mbweni, Mkunazini, Magila, Masasi, Newala, na vituo vya Ziwa Nyasa. Kila habari niliinukuu katika kadi ya mahali ilikotoka, na pembeni nikaandika njia iliyopitia. Barua ya Masasi iliteremka kwa miguu hadi pwani ya Lindi, kisha ikapanda jahazi. Kwa hiyo kufika kwake Unguja kulitegemea pia kama upepo ni wa kusi au wa kaskazi. Ya Magila ilikuwa na safari fupi zaidi, kutoka nchi ya Wabondei hadi Pangani au Tanga, kisha kuvuka mkondo. Kwa kadi hizo gazeti lilianza kueleweka, kwa sababu sasa niliwaona watu wakiandikiana.

Jambo lililonifungulia kazi yote, hata hivyo, sikulipata katika karatasi. Nilikuwa nimejiuliza muda mrefu kwa nini gazeti la kisiwani lilijaa habari za Masasi, mahali ambapo Mzanzibari wa mjini asingekuwa na shughuli napo. Nilikwenda Mbweni, ambako misheni ilikuwa na shamba na kijiji cha watumwa walioachwa huru, nikamkuta bibi mmoja wa ukoo wa zamani wa pale. Nilimwamkia, nikamweleza ninachotafuta. Gazeti hakulijua, lakini aliniambia, "Sisi hapa si watu wa hapa tu, mwanangu. Tuna wetu Masasi." Niliporudi kwenye vitabu na kumbukumbu, maneno yake yalisimama sawasawa na tarehe: mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja na kundi la watu walioachwa huru, akiwa na nia ya kuwapeleka kuelekea Ziwa Nyasa, nao wakaishia kukaa Masasi. Mwaka 1882 makazi yao yalivamiwa na Magwangwara, yaani wapiganaji wa Kingoni. Basi miaka sita baadaye, lilipotokea gazeti lenye kuleta habari za Masasi hadi Mbweni, wasomaji walikuwa wakitafuta humo majina ya ndugu na marafiki waliogawanyika nao ufukweni. Kuanzia hapo nilijua historia niliyotakiwa kuiandika: ya watu walionyang'anywa jamaa zao, wakapata jamaa wapya Unguja, wakatawanywa tena kwa kazi ya misheni, na wakatumia karatasi yenye kurasa chache ili wasipoteane.

Baada ya hilo, sura juu ya waandishi haikunisumbua sana. Vijana wa Kiungani walikuwa na mazoea ya kuandika kabla ya Msimulizi. Mwaka 1887 mwalimu wao A. C. Madan, yule aliyetunga kamusi baadaye, alichapisha kwa Kiingereza visa vya maisha yao walivyoviandika wenyewe kwa Kiswahili. Kazi ya kupiga chapa nayo walikuwa wameirithi, kwani tangu enzi za Steere matbaa ya misheni iliwafundisha vijana kupanga herufi za risasi. Nilimpa nafasi kubwa Cecil Majaliwa, Myao aliyeonja utumwa utotoni, akasoma Kiungani na baadaye Uingereza, akatumikia Chitangali, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika misheni hiyo. Maisha yake yanaonyesha jinsi mtu mmoja alivyoweza kuwa wa kisiwani na wa bara kwa wakati mmoja, kama lilivyokuwa gazeti lenyewe.

Sikutaka kuwapamba. Msimulizi lilitoka chini ya macho ya walimu wa Kizungu na askofu, na mwandishi aliyekuwa na uchungu na mkubwa wake hakuwa na mahali pa kuumwaga humo. Niliiandikia hali hiyo sura yake, nikaeleza kwamba ukimya wa gazeti usichukuliwe kuwa kuridhika kwa watu. Hata hivyo nashikilia kwamba mwalimu anayeeleza hali ya kijiji chake kwa maneno yake, akijua kwamba wenzake wa mbali watayasoma, anafanya kazi ya mwandishi wa habari.

Gazeti lilikoma mwaka 1896. Katikati ya miaka hiyo ya 1890, Magila nako kulianza Habari za Mwezi, nalo likaendelea hadi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ufundi uliokwishajulikana Kiungani ulikuwa umevuka mkondo. Mswada wangu sasa umekamilika. Nakala moja nimeipeleka Mbweni, nyingine iko maktaba ya shule, na ya tatu ameichukua mwalimu wa Masasi aliyejitolea kuyapitia majina ya vijiji vya huko na kuniandikia koo gani bado zinaitaja Mbweni kuwa kwao.