Koti la elfu kumi na tano

Mtu wa Tanga ukimtajia baridi anafikiria upepo wa kusi wa Julai pale Raskazone, ule wa kukuongezea shuka moja usiku. Nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka shemeji yangu, Msambaa wa Lushoto, aliponiita tukalale hemani Magamba, alfajiri tuwavizie mbega. Tuwavizie kwa kamera, maana ule msitu ni hifadhi.

Nikaenda kwa muuza mitumba Ngamiani. Makoti ya theluji huku kwetu hayana mwenyewe. Yanakuja ndani ya belo pamoja na nguo nyingine, yanatundikwa nyuma kabisa, na ukilishika moja muuzaji anakutazama usoni kwanza. Nikapata jeusi, zito kama godoro, elfu kumi na tano. Ndani nikavaa fulana ya pamba. Nikajiona nimemaliza.

Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya bahari, Magamba inapita 2,000, na kila mita 1,000 unazopanda joto hushuka nyuzi kama 6. Hesabu hiyo niliipiga baadaye. Siku ile nilipanda mlima kwa miguu nikiwa ndani ya godoro langu, jasho linatiririka, naona haya kulivua. Tulipofika, fulana ungeikamua ikatoa maji. Jua likazama, ukungu ukashuka, na ile fulana ikanigandia mgongoni kama kile kitambaa cha maji anachowekewa mgonjwa wa homa. Koti lote lile, na meno yanagongana.

Shemeji alikuwa na kisweta chembamba na jaketi la mvua, basi. "Shemeji, umejenga nyumba juu ya kisima," akasema, kisha akanitupia sweta kavu. Watani hawana huruma.

Kosa halikuwa koti, ilikuwa pamba. Pamba inakunywa jasho na haitaki kuliachia. Kinachogusa ngozi kiwe sufu, yaani manyoya ya kondoo, au poliesta. Juu yake kije kitu chepesi kinachoshika hewa, kwa sababu hewa iliyotulia ndiyo inayozuia joto la mwili lisitoroke: flisi (kile kitambaa laini cha poliesta chenye vinyweleo), au koti la manyoya ya bata. Ila manyoya yakilowa yanasinyaa, na kwa ukungu wa Usambara mimi nachagua flisi. Nje kabisa jaketi la kukinga mvua na upepo, lipwaye kidogo lisizikandamize za ndani. Ukipanda, vua mapema. Ukikaa, vaa kabla hujaanza kusikia baridi.

Safari ya pili nilirudi kwa muuzaji yule yule na kiberiti. Lebo za mitumba mara nyingi zimekatwa, kwa hiyo nilichomoa uzi mmoja kwenye pindo la sweta (kwa ruhusa yake, tusigombane), nikauwasha. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika vidoleni. Poliesta inayeyuka, inaacha kishanga kigumu. Pamba inawaka kama karatasi. Nikapata sweta la sufu halisi kwa elfu nne, lina tundu kwenye kiwiko, na taitsi ya poliesta ya kuvaa chini ya suruali.

Jambo jingine nililijua pale pale mafichoni: jaketi la nailoni linachakacha. Ukinyanyua mkono tu, mbega wamekwisha sikia. Siku hizi nikikaa kuvizia na hakuna mvua, flisi inakuwa nje na jaketi linabaki kwenye begi. Kichwani mzula, miguuni soksi kavu ambazo sizigusi mpaka wakati wa kulala, na chini ya mgongo mkeka mnene, maana ardhi inanyonya joto la mwili.

Lile koti jeusi amelichukua jirani yangu mvuvi. Analivaa usiku baharini, na kila akirudi ananiuliza kama kuna jingine.