Uani kwa mama Tabata: mimea ya kuziba macho ya ghorofa la jirani

Wadau mlioko nje na mna nyumba ya wazazi Dar, hili naomba mlichukulie kwa uzito. Uani ni pa mama. Ndo anapofulia, anapokuna nazi, anapokaa jioni na khanga bila kujitanda wala kumuwazia mtu. Sasa pale kwetu Tabata jirani kapandisha ghorofa, madirisha yanaangalia kwetu moja kwa moja na jua nalo kalizuia mpaka saa saba mchana, mama akahamishia kufua bafuni, mi niko Leicester namwona kwenye vidio ya WhatsApp kainama kwenye beseni na mgongo wake ule, jamani iliniuma sana.

Shida yetu wa huku tunatuma hela tu, "nunueni maua yapandwe", halafu inanunuliwa inayopendeza pale kitaluni. Kwenye kivuli mambo ni mengine. Bogonvilia inataka jua, ukiipa kivuli unabaki na matawi na miba, maua ya kuhesabu. Minyaa nayo ya juani, tena utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa, na wapwa zangu wanacheza pale pale. Ile miashoki mirefu ya kwenye mageti, kivulini inakuwa myembamba, inaacha mianya.

Kinachofaa ni msale, mmea wa jamii ya dracaena wenye majani marefu. Wenzetu wa Moshi wanaujua vizuri, ndo mpaka wa kihamba, lile shamba la ukoo la Wachaga, na ndo majani ya kuombea msamaha. Asili yake ni misitu ya huku huku Afrika, huwa unaota chini ya miti mikubwa, kwa hiyo kivuli kwake ni nyumbani. Hununui miche mingi, unakata vipande vya shina, unachomeka ardhini masika yanapoanza mwezi wa tatu, mvua inafanya kazi iliyobaki. Panda mistari miwili kwa kupishanisha, nusu mita kati ya shina na shina. Ukisharefuka ukabaki miguu mitupu kata juu, utachipua chini, na kile ulichokata unachomeka penye pengo. Usipande tu panapotuama maji, mizizi inaoza.

Sasa hapa pa muhimu, wengi wanapanda ukutani tu kwa sababu ndo ilivyozoeleka. Dirisha la juu linaangalia kwa kushuka. Chukulia dirisha liko mita 7 juu, na liko mita 8 kutoka mama alipokaa, kichwa chake kikiwa kama mita moja juu ya ardhi, na ukuta wenu uko mita 5 kutoka kwake. Ukipanda ukutani unahitaji mmea wa karibu mita 5 ndo umfiche, ila ukipanda mita moja na nusu tu kutoka alipokaa, mita 2 na kidogo inatosha. Msale unafika hapo bila taabu! Kwa hiyo pale pa kufulia na penye mkeka tumezungushia kwa karibu, ukuta tumeuacha.

Upande wa jikoni, panapopata jua kidogo mchana, nataka areka, ule mnazi wa mapambo wenye vishina vingi, wa kutokea Madagaska. Unapenda mwanga wa kuchujwa na unajaza vizuri, ila kiangazi unataka maji kuliko msale, na maji ya bomba mnajua yanavyokatika, ndo maana itakuwa michache tu na karibu na simtanki.

Mianzi mdogo wangu aliitaka sana, nikamkatalia. Inakuwa mikubwa mno kwa uwanja ule, majani yanadondoka kila siku na atakayefagia ni mama. Halafu ukikata vibaya kile kikombe kinachobaki kinashika maji, mbu wa dengi wanazalia humo, na Dar tumeuona huo ugonjwa 2014 na tena 2019. Mwenye nayo tayari akate juu tu ya fundo, pasibaki kikombe.

Matunzo yenyewe: samadi iliyooza wakati wa kupanda, maji mara mbili kwa wiki kiangazi cha kwanza, na majani ya chini kupunguzwa ili upepo upite na nyoka asipate pa kujificha. Dada wa kazi anaweza, hakuna haja ya kulipa mtu wa bustani kila mwezi. Mama kasharudi kufulia nje upande ule uliokwisha kuziba, upande wa jikoni tunasubiri vuli ndo tupande.