Rejeta inapungua, sakafu kavu: wiki sita chini ya boneti

Wiki ya 1

Gari hili ni la mwaka 1996 na halijawahi kunichemshia hata mara moja. Kwa hiyo asubuhi niliyofungua kifuniko cha rejeta, injini ikiwa baridi, nikaona neli za ndani ziko wazi na kulanti, kimiminika cha kupoza injini, haionekani, niliduwaa. Ilimeza karibu robo tatu ya lita ndipo ikajaa hadi shingoni. Usiku ule nikatandika kadibodi kubwa chini ya injini. Kulipokucha haikuwa na hata doa.

Kila niliyemweleza alinijibu jambo moja: gasketi ya silinda hedi, ile sili kati ya kichwa cha injini na bloku, imeungua. Watu wana haraka sana ya kuizika injini ya mwenzao. Mimi nilitaka ushahidi kwanza. Oili kwenye dipstiki ilikuwa safi, haijageuka rangi ya maziwa. Ekzosi haikutoa moshi mweupe injini ilipokwisha kupata moto. Kapeti ya mbele ilikuwa kavu na kioo hakikuwa na ule ukungu wa mafutamafuta wenye harufu tamu, basi rejeta ndogo ya hita nayo nikaiweka kando. Mwisho nikaazima kile kifaa cha kunusa hewa ya rejeta, chenye kimiminika cha bluu kinachogeuka njano kikikutana na gesi iliyotoka kwenye silinda. Kilibaki bluu kama wino.

Wiki ya 2 na ya 3

Hapa nilipoteza muda, na kosa ni langu. Nilibandika utepe kwenye chupa ya akiba, nikachora mstari, nikawa naandika kimo chake daftarini kila asubuhi kabla ya kuwasha. Siku kumi na tatu mstari haukusogea. Nikaanza kujipongeza kwamba tatizo limejiponya. Siku ya kumi na nne nikafungua rejeta yenyewe, na neli zilikuwa wazi tena.

Chupa imejaa, rejeta imepungua. Nilikaa na hilo jioni nzima, kwa sababu kwa kawaida vitu hivi viwili vinapeana. Injini ikipata moto kulanti inatanuka, na presha ikizidi kiwango kilichopigwa chapa juu ya kifuniko, springi kubwa inaachia na kiasi fulani kinahamia kwenye chupa. Changu kimeandikwa 0.9, yaani karibu presha nyingine nzima ya hewa tunayovuta, juu ya ile iliyopo. Injini ikipoa kulanti inasinyaa, rejeta inavuta, na kivali kidogo katikati ya kifuniko kinafunguka ili kilichohama kirudi. Sasa kama chupa hairudishi kitu, rejeta inavuta nini?

Inavuta hewa. Na hewa lazima iwe na mlango. Nikabadilisha kifuniko, nikabadilisha na kampira kembamba kanakokwenda kwenye chupa, hali ikabaki ileile. Maana yake tundu liko kwingine, na liko wazi wakati injini inapoa. Mimi siku zote nilikuwa nikiwinda kwa tochi injini ikiwa ya moto na inaunguruma, nikijiambia kwamba presha ndiyo inayosukuma maji nje.

Wiki ya 4

Nikaazima pampu ya mkono yenye geji, ile inayofungwa mahali pa kifuniko. Jumamosi jioni, baada ya safari, nilisubiri mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono bila kuunguza (kifuniko cha rejeta ya moto hakifunguliwi, kulanti itakurukia usoni), nikapampu hadi 0.9. Baada ya dakika 20 mshale ulikuwa umeshuka unywele tu, na huo niliuhesabia injini kuendelea kupoa.

Jumapili alfajiri, kabla ya kugusa swichi, nikapampu tena hadi 0.9. Dakika ya tano: 0.8. Dakika ya kumi na tano: 0.6. Nilicheka peke yangu gizani.

Nilianza na pampu ya maji, kwa sababu ina tundu dogo tumboni linalotoa machozi sili ya ndani ikichoka. Kavu. Mipira miwili mikubwa, kavu. Nikachukua kioo cha kunyolea ndevu na tochi, nikakiingiza nyuma ya injini, chini ya manifoldi (yale mabomba yaliyofungwa ubavuni mwa injini), mahali linapopita bomba la chuma la kupeleka maji ya moto kwenye hita. Harufu ilinifikia kabla ya macho. Pale mpira unapovishwa kwenye bomba palikuwa na tone la kijani. Lilinenepa polepole, likaning'inia, likaachia, likatua kwenye kibonde kilichoko juu ya giaboksi. Na kibonde chenyewe kilikuwa na ukoko wa kijani na mweupe, tabaka juu ya tabaka, kama birika lisilosuguliwa miaka mingi. Tone lilikuwa linaanguka pale, injini ikipata moto linakauka palepale. Kadibodi yangu ingeota nini?

Wiki ya 5

Chanzo ni klipu. Aliyekuwa na gari kabla yangu aliitoa ile ya springi iliyokuja nalo, akaweka ya kukaza kwa bisibisi. Ya springi inaufuata mpira unaponenepa na kusinyaa. Ya bisibisi inabaki pale ulipoiacha, na mpira ukishakuwa mgumu kwa uzee, baridi inautenganisha na chuma kwa nafasi isiyoonekana. Ukipata moto unabana tena.

Nilitoa boksi la filta ya hewa, mkono ukapita hadi kwenye kiwiko, ngozi kidogo ikabaki huko. Mpira ulikatika kwa wembe kama gome. Mdomo wa bomba ulikuwa na vishimo vya kutu, nikaupiga msasa hadi ukawa laini kwa kidole, ingawa vishimo viwili bado vipo. Kulibadilisha bomba lenyewe ni hadi kung'oa manifoldi, na hapo uvivu ulishinda, nakiri. Mpira mpya, klipu ya springi, kulanti nusu na maji yaliyochujwa madini nusu. Hita nikaifungua hadi mwisho, injini ikaunguruma kifuniko kikiwa wazi tangu ikiwa baridi, hadi thamostati, vali inayofunguka kwa joto, ikafunguka na mapovu yakaisha. Iliyomwagika niliifuta yote: ina utamu unaowavuta paka na mbwa, na ni sumu kwao.

Wiki ya 6

Alfajiri, 0.9. Dakika 20 baadaye, 0.9.

Rejeta imejaa hadi shingoni. Kwenye chupa, kulanti inapanda karibu vidole viwili juu ya mstari nikirudi safarini, na asubuhi naikuta imeshuka kwenye mstari. Lile bomba nimeliandika kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari, chini ya “siku manifoldi ikitoka”.