Asubuhi moja na korongo-nyangumi wa Mabamba
Tuliondoka Entebbe kabla ya kupambazuka, tukaingia kinamasi cha Mabamba kwa mtumbwi mwembamba uliopenya katikati ya mafunjo, na mwenyeji wetu akatuomba tunyamaze, kwa kuwa ndege tuliyemtafuta hastahimili fujo. Korongo-nyangumi, au bulwe kama aitwavyo kwa Kiganda, husimama tuli akimvizia kamongo, samaki anayelazimika kupanda juu kuvuta hewa. Hapo ndipo hujitupa mzima mzima, mdomo mbele.

Nilimsubiri kwa muda wa saa mbili, kamera nimeishika mkononi hadi vidole vikafa ganzi. Alipojirusha nilipata picha tatu tu, na katika ya pili matope yanachuruzika mdomoni mwake, jicho limefunikwa nusu na utando unaolilinda.

Zamani wavuvi walimwua, wakiamini kwamba kumwona kunaleta mkosi katika uvuvi. Leo baadhi yao ndio wanaotuongoza, nami nawaheshimu sana. Kwa hiyo nawasihi wapiga picha wenzangu: tumieni lenzi ndefu, wala msimshurutishe mwenye mtumbwi asogee karibu zaidi.