Mahindi ya sadaka yafike Februari: tulivyoendesha ghala la makanisa matatu

Sadaka ya mavuno ikishaombewa, kazi ndiyo kwanza inaanza. Huku vijijini Dodoma mvua ni ya msimu mmoja: tunavuna kati ya Mei na Julai, na njaa hubisha hodi Januari, shamba likiwa bado kijani. Mahindi yaliyoletwa kanisani Julai lazima yakae miezi sita au zaidi bila kuliwa na dumuzi wala kuota ukungu. Makanisa mengi yanakusanya vizuri na kuhifadhi vibaya, na hapo ndipo chakula cha wenye njaa kinapopotea.

Tulianza na hesabu: gramu 400 za mahindi kwa mtu kwa siku. Kaya ya watu watano kwa siku 90 inahitaji kilo 180, kwa hiyo magunia 40 ya kilo 100 yanatosha kaya 22. Tulipoiona hesabu hiyo tuliacha kuahidi kijiji kizima.

Ugumu wa sadaka ni kwamba kila debe limetoka uani kwake. Moja limeanikwa wiki mbili, jingine limevunwa juzi. Ukimimina pamoja, lile bichi linaharibu gunia zima. Ndiyo maana hakuna kumimina kabla ya kipimo cha chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, jaza mahindi hadi theluthi, tia vijiko vitatu vya chakula vya chumvi kavu kabisa, tikisa dakika moja, acha itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Ikidondoka yote, bado tunaanika siku moja zaidi, kwa kuwa shabaha ni asilimia 13.5.

Aliyeleta mabichi harudishwi mbele za watu. Mpokeaji anasema, "Asante sana mama, tumepokea, haya yanapita juani kwanza," na yanakwenda kwenye turubai.

Turubai, si ardhi tupu. Tabaka lisizidi sentimita nne, ligeuzwe kila saa, lifunikwe kabla jua halijazama maana umande hurudisha unyevu. Wanaojitolea kuchambua waondoe punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, na wasiwape kuku. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, iliua watu Dodoma na Manyara, na kuchemsha ugali hakuiondoi. Ni afadhali pia kupukuchua kwa mikono au mashine, kwani kupiga gunia kwa fimbo huvunja punje, na ukungu huanzia kwenye nyufa.

Kuhifadhi tunatumia mifuko ya PICS, isiyopitisha hewa: miwili ya plastiki ndani, gunia la kawaida nje. Kila mfuko wa plastiki upulizwe kama puto na kubanwa; ukisinyaa, umetoboka. Mahindi yapoe kwanza, kwa sababu yakiingia ya moto hutoa jasho ndani. Vipande vya magunzi vitolewe vyote, hutoboa. Kosa tulilolikuta mara nyingi zaidi ni kujaza hadi mdomoni, kisha shingo ya kusokota haipo. Acha kama sentimita 30. Kamua hewa, sokota mfuko wa ndani, ukunje, funga kamba kwa nguvu. Rudia kwa wa pili, kisha gunia. Wadudu waliomo humaliza oksijeni iliyobaki na kuacha kula. Anayefungua "kuangalia tu" anawarudishia pumzi, kwa hiyo wiki sita za mwanzo haufunguliwi hata mmoja.

Magunia yanakaa juu ya chaga, nusu mita kutoka ukutani, ili mtu apite na kuona kinyesi cha panya mapema. Mlango una makufuli matatu, kila kanisa na ufunguo wake. Majina ya wanaopewa yanapitishwa na jumuiya pamoja na mabalozi wa nyumba kumi, na Waislamu wenye njaa wamo kama wengine.

Kugawa ni kwa mzani. Debe hutanuliwa kwa nyundo likabeba zaidi, au likabonyezwa likapunguza, na ugomvi wa debe umewahi kutuchelewesha siku nzima. Gunia lililofunguliwa linagawiwa lote siku hiyohiyo. Mfuko mtupu unakung'utwa, unapulizwa tena, tundu linazungushiwa wino. Wenye tundu hautumiki tena kuhifadhia nafaka.